Jina Lililoitwa Zizini

Macquarie Fields
Jumapili, 2 Machi 2025

Faida mwanangu,

Sisi huku tupo, na kama wewe upo pia basi Mungu ashukuriwe. Simu yako inalia mpaka inachoka, na mimi nachoka kabla yake. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, kama nilivyokaa kule kambini Nyarugusu nikiwaandikia watu barua za kutafuta ndugu zao. Kwenye simu mtu anasema "niko sawa" hata kama anazama. Kwenye karatasi anachelewa kidogo, na akichelewa huenda akasema kweli.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka umepita na miezi juu yake tangu tumzike kaka yako Masumbuko, na kilio chake bado hakijaondolewa. Unaijua desturi ya nyumba yetu. Baba anatafuta mbuzi, anachinja, nyama inachomwa bila chumvi, halafu yule aliyemfuata marehemu kuzaliwa anapokea kipande cha kwanza kutoka mkononi mwa baba, anakila mbele ya watu wote. Hapo ndipo mama anavua nguo nyeusi. Mpaka hapo hazivui, hata zikichakaa. Aliyemfuata Masumbuko ni wewe. Sina mtoto wa akiba.

Mama yako amekaa ndani ya nyeusi kiangazi chote, joto la kuyeyusha lami, akiamka kwenda kusafisha ofisi zake kule Liverpool, mtaa wa jirani. Kanisani wanawake wanamuuliza kwa upole ule unaouma, "Mama Masumbuko, bado tu?" Anarudi nyumbani anazifua hizo nyeusi, asubuhi anazivaa tena.

Siku ya mazishi ulisukuma sahani mbele ya wazee ukasema huli tena kitu kilichokuwa na uhai. Nami nikasema maneno ambayo baba hasemi, nikakuambia usikanyage tena kwangu. Hayo nayafuta. Kanyaga. Lakini nieleze, kwa sababu mama yako anasema waliokufundisha hivyo ni Wagiriki wa chuoni. Pythagore namjua, alinitesa na pembetatu zake shuleni Bukavu. Sikujua kwamba aliingilia na vyungu vya watu.

Nimepanga Jumamosi inayofuata Pasaka. Njoo ule kipande kimoja tu, kidogo kama kucha.

Baba yako,
Bahizire


Blacktown
Jumapili, 16 Machi 2025

Papa,

Barua yako ilinikuta natoka zamu. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nawalisha watu nyama iliyosagwa kwa kijiko, wengine hawajui tena kama ni nyama au ni viazi. Halafu napanda treni kwenda darasani mjini nasoma Wagiriki. Usicheke. Hiyo ndiyo wiki yangu.

Umeniuliza, nami nakujibu kama ulivyonilea, bila kuzunguka. Pithagora huyo huyo wa pembetatu aliamini kwamba roho haifi, inahama. Inatoka kwa mtu inaingia kwa mnyama, inatoka kwa mnyama inarudi kwa mtu. Wanasimulia kwamba siku moja alimkuta mtu anampiga mbwa njiani, akamwambia acha, kwa sababu katika kile kilio ametambua sauti ya rafiki yake aliyekufa. Empedokle wa Sisili aliyafuata hayo akayasema kwa ukali zaidi, kwamba anayechinja hajui anamchinja nani. Na hata katika shule ya Aristotle alitokea mwanafunzi wake akasema tuachane na habari za kuhama, wanyama ni jamaa zetu kwa damu na kwa maumivu, kumuua mmoja ni kumnyang'anya kilicho chake. Wengine, Wastoa, walipinga, wakasema mnyama hana akili kwa hiyo hana haki kwetu. Mwalimu wetu alituambia tuchague upande. Mimi nilichagua kabla hajamaliza kusema.

Lakini wewe unajua kwamba sikuanzia darasani. Polisi walipopiga simu, mimi ndiye niliyekwenda hospitali kumtambua Masumbuko. Wewe ulikuwa kazini na mama alikuwa hawezi kwenda. Nilimwona, Papa. Halafu siku ya mazishi wakaniwekea sahani mbele, na kilichokuwa kwenye sahani ile sikukiona chakula. Nilikiona mwili. Kuanzia siku hiyo kinywa changu kimefunga na Wagiriki wamenipa tu maneno ya kukielezea.

Na wewe, tangu tufike nchi hii, kazi yako ni kuwapandisha kondoo machinjioni. Kila mtu anasifu kwamba huhitaji mbwa wala fimbo ya umeme, unawaimbia nyimbo za wachungaji wa kwetu Bushi na wanakufuata wenyewe mpaka juu. Umewahi kujiuliza ni nani anayekufuata? Kama Pithagora alisema kweli, basi Masumbuko anaweza kuwa mmoja wao, anakuja nyuma yako kwa sababu anaijua sauti.

Nitakuja kukaa na mama. Nitamsuka nywele, nitapika sombe ya majani ya muhogo, nitaosha masufuria ya watu wote. Lakini kile kipande sitakila. Nisamehe.

Faida


Macquarie Fields
Jumapili, 30 Machi 2025

Faida mwanangu,

Barua yako niliisoma ndani ya gari la Lazare, mwenzangu wa kazi, asubuhi tukienda kazini, nikaisoma tena wakati wa chai, nikaiweka kwenye kifuko cha aproni. Sina hasira. Nilidhani nitakuwa na hasira.

Nina maswali, kama utakuwa na nafasi. Huyo Pithagora alisema roho inachukua muda gani njiani? Maana kondoo tunaowapokea sasa walizaliwa majira ya baridi ya mwaka jana, Juni na Julai, na Masumbuko alituacha Januari ya mwaka huo huo. Nimehesabu miezi ya kubeba mimba na naona inakubali. Au roho inaingia siku ya kuzaliwa? Na je, inachagua, au inaingia popote penye mlango? Yeye alifia kwenye barabara kuu ile ya kwenda kusini, na mashamba yako huku na huku. Isingehitaji kwenda mbali.

Halafu lugha. Nikisema naye kwa Mashi, lugha ya kwetu, atasikia? Alikuwa anaisikia lakini hakuipenda, kila mara ananijibu "Dad, speak English." Labda ingekuwa vizuri kutumia Kiingereza, ingawa Kiingereza changu ni cha kazini, cha "move along" na "shut the gate".

Nauliza kwa kupenda kuelewa masomo ya mtoto wangu, basi. Wazazi wengine huku hawajui hata watoto wao wanasoma nini.

Habari ya kile kipande tuiache kwanza. Tarehe tunaweza kuisogeza. Mama yako nitamwambia mbuzi hawajanona.

Baba yako,
Bahizire


Blacktown
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Papa mpendwa,

Nimeisoma barua yako ndani ya treni nikacheka peke yangu mpaka dada mmoja Mkenya akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimempata baba. Tangu utoto wangu mimi na wewe tulikuwa tunazungumza habari za shule, viatu na kanisa. Leo tunazungumza habari za roho! Nilimsomea mwalimu wangu maswali yako. Alisema wanafunzi wake hawaulizi hivyo, wanauliza tu kitakachotoka kwenye mtihani.

Haya, majibu. Kuhusu muda hawakuwa na neno moja. Kuna waliosema roho huzunguka wanyama wote wa nchi kavu, wa majini na wa angani kabla ya kurudi kwa mtu, na huo ni mzunguko mrefu sana. Empedokle mwenyewe alidai amewahi kuwa mvulana, msichana, kichaka, ndege na samaki. Pithagora alidai anakumbuka maisha yake ya zamani, na wanasema siku moja aliitambua ngao aliyoibeba vitani katika maisha mengine. Kwa hiyo kukumbuka kunawezekana, kwa maoni yao.

Swali la lugha ndilo lililonichekesha zaidi, lakini nililiwaza usiku mzima. Yule mbwa wa kwenye hadithi hakulia kwa Kigiriki, alilia kama mbwa. Na bado rafiki alitambulika. Nadhani walichotaka kusema ni kwamba lugha inapotea lakini sauti inabaki. Anayependa anatambua.

Asante kwa kusogeza ile siku. Sikutegemea. Mwambie mama nitakuja baada ya mitihani, na mbuzi waendelee kunona.

Binti yako,
Faida


Macquarie Fields
Jumapili, 4 Mei 2025

Faida,

Haya nakuandikia wewe peke yako. Usimwambie mama yako, hataelewa, na Lazare ameshaanza kunitazama vibaya.

Nimekuwa nikimwita. Mwanzoni nilitia jina lake katikati ya wimbo, ili watu wasikie wimbo tu. Kondoo wote walikuwa wakitembea vichwa chini kama kawaida yao. Siku moja ya mvua nikaacha kuimba, nikasema polepole, "Masumbuko." Mmoja akasimama. Wenzake wanampita huku na huku, yeye amesimama, akageuza kichwa akanitazama. Ana alama nyeusi hapa juu ya jicho. Faida, alinitazama kama kaka yako utotoni, amevunja glasi na anasubiri nimgombeze.

Nilimtenga. Nikamwambia Douglas, msimamizi wetu, kwamba huyu anachechemea, asipande leo. Akakubali. Nikamletea maji kwenye kofia yangu. Sikumwambia mambo mengi. Nilimwambia mama yake hajambo.

Nitakuambia kwa nini, usije ukadhani nimerukwa na akili. Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanarudi kwenye magari, nilimshika pasta Wilondja mkono nikamuuliza, "Pasta, mutoto yangu iko wapi sasa?" Akatazama chini. Akasema, "Papa Masumbuko, alikufa na pombe mu kichwa. Ile tunamuachia Mungu. Siye tuliobaki tujifunze." Basi. Hayo ndiyo niliyopewa niende nayo nyumbani. Mwaka mzima nimelala na hayo, nikiamka yapo. Hakuna aliyeweza kuniambia mtoto wangu yuko mahali fulani. Wazee hawakuweza, biblia niliifungua kila upande ikawa inasema na watu wengine. Huyo Mgiriki wako ndiye wa kwanza.

Sasa shida ni hii. Siku iliyofuata haikuwa zamu yangu. Niliporudi nilikuta zizi limeoshwa, na lori jipya linashusha wengine. Nilimuuliza Douglas yule mwenye alama amekwenda wapi. Alicheka, akasema, "Where do you reckon, mate?"

Je, roho huingia tena mara moja? Nijibu haraka. Wanashusha kondoo kila siku na mimi sauti yangu imeanza kukauka.

Papa


Blacktown
Alhamisi, 8 Mei 2025

Papa, acha.

Nimekupigia simu tangu barua yako ifike, hupokei. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko. Kondoo akisikia sauti ya mtu anageuka. Ungesema "bukari", jina la ugali, angegeuka. Ungesema jina la Douglas angegeuka. Huyo hakuwa Masumbuko. Alikuwa kondoo mwenye alama, nasikitika kwamba walimuua, lakini alikuwa kondoo.

Ile sentensi ya Masumbuko kukufuata zizini niliiandika kwa hasira. Nilitaka ikuume kama maneno yako yalivyoniuma siku ya mazishi. Sikuandika nikiamini. Mimi siamini, Papa! Hakuna mtu darasani kwetu anayeamini. Tunayasoma, tunayaandikia insha, tunapewa alama, tunasahau. Pithagora hakuacha hata neno moja aliloandika mwenyewe, watu wanabishana mpaka leo alisema nini na hakusema nini. Mimi sili nyama kwa sababu wanyama wanaumia, siyo kwa sababu wanyama ni sisi.

Na barua yako ya maswali, mimi niliifurahia kama mjinga. Nilikuwa na hamu sana ya kuzungumza na baba yangu hata sikuuliza anazungumza nini.

Masumbuko amekufa. Mimi ndiye niliyefunuliwa shuka. Pasta Wilondja hakuwa na haki ya kukuambia yale, lakini wala mimi sina haki ya kukuambia yuko zizini. Sijui yuko wapi. Nafikiri hayuko.

Pokea simu. Nakuomba, pokea.

Faida


Macquarie Fields
Jumapili, 25 Mei 2025

Faida,

Mimi siandiki vizuri kama baba yako, kwa hiyo sitapamba. Barua zako zote nimezikuta ndani ya biblia yake, nimezisoma. Ile ya mwisho hata hakuikunja vizuri. Aliniambia, "Faida anaogopa, ndiyo maana anaficha." Sikujua anasema habari gani mpaka niliposoma.

Najua hujaambiwa. Kazini walimsimamisha. Lazare anasema alikwenda akafungua lango la nyuma, kondoo wakamwagika mpaka barabarani, malori yakasimama, na yeye katikati yao anaita jina la mtoto wangu kwa sauti. Douglas hakumtukana. Alimvua aproni mwenyewe akamwambia, "Go home, mate. Get some help."

Hakuniambia. Kila asubuhi alikuwa ananiaga na sanduku lake la chakula mkononi. Alikuwa anapanda treni kwenda Menangle, ambako mashamba yanaanza, halafu anatembea kando ya nyaya za uzio wa mashamba ya watu, anaita. Mwenye shamba mmoja ndiye aliyemrudisha na gari lake, matope mpaka magotini. Aliniuliza mlangoni, "Is this your husband, love?" Nikaona aibu, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu.

Daktari ameandika vidonge. Anavitia mfukoni, nikifua nguo navikuta vimeyeyuka. Nyama haiingii tena nyumba hii. Hilo silijali. Ninachojali ni kwamba nilikuwa na mume aliyefiwa, sasa sijui nina nani. Anaweka sahani ya Masumbuko mezani. Siyo ya chakula. Ya majani.

Na mimi Faida, nimechoka na nyeusi hizi. Nimechoka kulia kwa kupangiwa. Mwanangu nimemlilia, ninamlilia, nitamlilia, lakini nataka kumlilia nikiwa nimevaa kitenge kama mwanamke mwingine yeyote. Nimemwomba Lazare achinje yeye. Baba yako amekubali jambo moja tu, kwamba kipande atakishika mwenyewe akupe. Sijui kwa nini alikubali upesi hivyo.

Wewe ulianzisha habari hizi kwa barua. Barua hazimfikii tena. Njoo ule mbele yake, aone kwamba ni mbuzi. Akikuona wewe, wewe uliyemwambia, labda akili itamrudia. Ni Jumamosi tarehe saba Juni.

Mama


Blacktown
Alhamisi, 29 Mei 2025

Mama,

Nitakuja. Nitakula.

Nimeomba ruhusa kazini. Usinitayarishie kitu kingine, na usinitazame wakati nakula, maana nikikuona nitashindwa. Nitatafuna mpaka mwisho na nitameza bila maji. Nikimwandikia Papa baadaye nitamwambia ilikuwa tamu na kwamba nimeanza kula tena nyama. Nitasema hivyo kwake, wewe usiniulize kama ni kweli.

Nilidhani hii ndiyo imani pekee niliyobaki nayo, kutokula. Siyo kitu kikubwa. Kanisa niliacha, nyumbani niliacha, hili nililishika kwa mikono miwili. Lakini baba yangu anatembea kando ya nyaya kwa sababu ya mstari wangu mmoja. Wagiriki hawanisaidii hapa. Hata wale waliokataa nyama kabisa, sijasoma popote walipomwambia mtu afanye nini baba yake akiugua kwa maneno yao.

Nunua kitenge. Chagua cha rangi kali.

Faida


Blacktown
Jumatatu, 9 Juni 2025

Papa mpendwa,

Nimefika salama. Treni ya Jumamosi jioni ilikuwa tupu, nilipata kiti cha dirishani, na leo ni sikukuu, sina zamu.

Nimefurahi kukaa na wewe. Umekonda, lakini sauti yako ni ile ile. Na mama! Alipotoka chumbani na kile kitenge cha njano, hata pasta Wilondja alisahau kufunga mdomo. Wanawake walipiga vigelegele mpaka jirani Mzungu akachungulia juu ya uzio, naye akapewa sahani.

Ile nyama ilikuwa tamu. Nilikuwa nimesahau. Jana nimekula tena, kuku wa kununua, na sikuwaza chochote. Ni chakula tu, Papa. Uliona mwenyewe. Ulisimama mbele yangu na mkono umenyooka muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa, na mimi nikafungua mdomo, nikala, na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyelia. Mbuzi alikuwa mbuzi.

Mama ameniambia jioni ile ulikwenda kulala mapema, na asubuhi ukaiondoa mwenyewe ile sahani ya majani. Aliniambia kwenye simu huku analia kwa furaha. Niambie na wewe. Niandikie hata mistari miwili, niambie kwamba umepona.

Binti yako,
Faida


Macquarie Fields
Jumapili, 15 Juni 2025

Faida mwanangu,

Nimeona. Huna haja ya kunieleza, nilikuwa karibu kuliko watu wote.

Nitakuambia nilichokuwa nafanya wakati ule mkono wangu umesimama mbele ya mdomo wako. Watu walidhani nimeshindwa na uchungu. Mama yako alidhani ni vidonge. Nilikuwa naomba, Faida. Nilikuwa namwomba Mungu ukatae.

Ile barua yako ya Mei, ya kusema huamini, mimi sikuisadiki. Nilisema moyoni, mtoto ameona kwamba baba yake anapata shida kazini, sasa anaogopa, anarudisha maneno nyuma. Karatasi inabeba chochote, mimi nimewaandikia watu kambini, najua. Kwa hiyo mama yako aliposema utakuja kula, nilikubali kabla hajamaliza. Nilitaka nikuone. Nilisema huyu ndiye aliyeniletea habari za kaka yake. Kama habari zile zina ukweli hata kidogo, hataweza, atasukuma mkono wangu mbele ya wazee kama alivyosukuma sahani, na mimi nitamkumbatia hapo hapo, desturi ivunjike, mama yake akasirike, tutajua la kufanya baadaye.

Ukafungua mdomo. Ukatafuna bila haraka. Ukameza ukanitazama.

Mama yako amekuwa mtu tena. Anaimba jikoni, amekwenda Liverpool na kile kitenge cha njano juu ya sare ya kazi, wanawake wa kanisani wamempigia makofi. Ulifanya vizuri. Kila mtu anasema hivyo, na mimi nasema.

Douglas amenirudisha kazini. Jumatatu naanza upande wa kuosha ngozi, siyo zizini, mpaka aone nimetulia. Vidonge nameza. Nyama nakula, mama yako ameshanipikia. Sitembei tena Menangle, kwa sababu nilikuwa natembea kumtafuta mtu.

Umeniuliza kama nimepona. Nyinyi mlimzika Masumbuko siku moja, wote pamoja, mkarudi kwenye magari. Mimi siku ile sikumzika, na baadaye wewe ukanipa mahali pa kumtafuta. Sasa nimemzika. Nimemzika Jumamosi, mdomoni mwako.

Usiache kuja.

Baba yako,
Bahizire